Wazee Wanapenda Ukimya

Jumatatu, 2 Juni
Neema imeshuka! Wauguzi wastaafu kumi na wawili wanataka kujenga pamoja Kiberege, wazeeke jirani. Wanatafuta msanifu majengo. Tuliowaendea tuko wawili tu: mimi na Levina. Nikiikosa kazi hii nafunga ofisi, narudi Masagati kuishi kwa shemeji. Sirudi! Ramani nimeshachora: ukuta mrefu, bustani, ukimya. Wazee wanapenda ukimya. Nani asiyejua?

Jumanne, 3 Juni
Mwenyekiti wao, Mama Balbina, mkunga mstaafu, hakuikunjua hata ramani. Akasema nirudi nikishawaelewa wazee. Mimi! Nasikia Levina ameshinda huko akiwasaidia kuanika mpunga. Msomi mzima! Nimecheka mpaka chai ikapoa.

Jumatano, 4 Juni
Akili imekuja. Kumwelewa mzee ni kuwa mzee. Unga wa sembe kichwani, koti la marehemu babu, mkongojo. Kesho nakaa nao kama mstaafu mgeni kutoka Mahenge, niwasikilize wakijisahau.

Alhamisi, 5 Juni
Aibu ya mwaka. Nimefika nimeinama, mgongo unauma kwelikweli. Mama Balbina akanitazama, akapiga goti kidogo, akaniamkia shikamoo. Nikajua nimefaulu! Nikaitikia marahaba, tena kwa kikohozi. Nikaongeza hujambo mwanangu. Levina akaacha kugeuza mpunga. Ndipo mama akaniambia, kwa upole, kwamba yeye ndiye aliyenizalisha. Kwamba nilitoka nimetanguliza miguu, na mpaka leo sijajua kutanguliza kichwa. Kuku wakaanza kudonoa unga kwenye koti.

Jumapili, 8 Juni
Kazi kapewa Levina. Nimeumia, nakiri. Ramani yake nimeiona: uwanja mpana wa kuanikia mpunga, ghala, na baraza zinazotazama barabara ili wamwone kila apitaye. Ukuta hakuna. Eti aliwauliza tu siku yao inakwendaje. Bahati hiyo!

Baada ya misa Mama Balbina akanishika mkono. Nilimwamkia mara tatu. Akasema kaniombea kwa Levina nisimamie mafundi, nikae karibu na wazee, nijifunze. Nimemshukuru, nimekataa. Nijifunze nini? Kosa langu nimeshaliona: unga. Ningepaka majivu.

Halafu masista wa Kisawasawa wanataka kujenga shule ya chekechea. Nimeshaazima kaptula.