Programu Isiyoona Gari Zima

Watu walimwita Injinia kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyewaomba wamwite hivyo. Chuo cha uinjinia alikijua kwa nje tu, akiwa anapita kwenda kwenye shughuli zake, na shughuli yake ilikuwa moja: kuwauzia watu wenye tamaa kitu wasichokihitaji. Siku hiyo alikuwa akipita taratibu na gari lake, kioo chini, akipunga mkono hata kwa wasiomjua, alipoona gereji ambamo mafundi wote walikuwa wamelizunguka gari moja jipya kama wafiwa. Taa nyekundu ya dashibodi iligoma kuzimika. Fundi mmoja alipuliza plagi. Mwingine aliizaba dashibodi kofi. Dereva wake mwishowe alichoka, akawasha, akaondoka nalo kwenda gereji kubwa ya barabara kuu, kule wanakopima magari kwa mashine.

Injinia akakata kona, akaingia getini.

Mwenye gereji aliitwa Mama Spana. Alirithi gereji kwa marehemu mumewe na sauti kwa mama yake, na zote mbili alizitunza vizuri. Pembeni yake alisimama mjomba wake, pande la mtu, ambaye huweza kung'oa matairi manne kabla hujamaliza kumwamkia.

"Poleni," alisema Injinia, akishuka kwa madaha. "Ile taa haikutaka spana. Ilitaka kompyuta."

"Kompyuta tunayo ofisini," alisema Mama Spana. "Tunachezea karata."

"Karata! Mama, umelalia godoro la pesa halafu unalia njaa." Akamsogelea, akashusha sauti. "Nina programu. Unachomeka kebo chini ya usukani, kompyuta inalisoma gari lote, inakutajia magonjwa. Na nikwambie siri? Tangu niijue, haijawahi kuona gari zima."

Mama Spana alimtazama kidogo. "Hata likiwa zima?"

"Hata likiwa limetoka kiwandani asubuhi."

Wakacheka pamoja, kicheko kile cha watu wawili waliokutana njia panda wakagundua wanakwenda kuiba shamba moja. Injinia alifurahi mpaka vidole vya miguu. Maana programu yenyewe, msomaji, ilikuwa picha tupu zinazogeuka rangi. Hata ungeichomeka kwenye kabati la nguo, ingekuambia giaboksi limekufa.

Ofisini kazi ilianza kwa heshima zote. Injinia alikunja mikono ya shati kama daktari wa upasuaji.

"Kwanza tuzime antivirasi, huyu mlinzi wa kompyuta."

"Kwa nini?"

"Ina wivu. Haipendi programu yenye akili kuliko yenyewe."

"Haya, izime."

"Sasa tunakata intaneti. Halafu tunarudisha nyuma saa ya kompyuta, tarehe iwe ya miaka ile."

"Na saa nayo ina wivu?"

"Hapana, Mama. Programu hii inapenda mambo ya zamani."

Mstari wa kijani ulianza kutambaa kwenye kioo. Mafundi walijazana mlangoni. Ulipofika asilimia tisini na tisa uligoma, na Injinia akawaomba wote wasipumue kwa nguvu. Wakatii. Mjomba aliishikilia pumzi mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Mstari ukajaa, gereji nzima ikapiga makofi, na Mama Spana, mkono wazi kweli kweli, akamkabidhi Injinia bahasha yake pale pale.

Hapo mtu mwenye busara angeaga. Lakini Injinia alipenda sifa kuliko alivyopenda usalama wake.

"Tuijaribu basi," alisema Mama Spana. "Ila magari yote humu yamefumuliwa. Zima ni lako tu."

Lile gari ndilo kitu pekee duniani ambacho Injinia alikipenda kwa dhati. Alilala chumba cha kupanga chenye dirisha lililovunjika, lakini gari aliling'arisha kila asubuhi kwa kitambaa laini. Akaona, kupimwa si kuumwa. Akachomeka kebo.

Kompyuta ilivuta pumzi, kisha ikaanza kuomboleza kwa rangi nyekundu. Injini imepasuka. Giaboksi limekufa. Breki hakuna kabisa.

"Mnaona maajabu?" alisema Injinia, akiinua mikono.

"Tunayaona," alisema Mama Spana. "Mjomba, funga geti."

"Geti la nini, Mama?"

"Hapa tuna sheria tangu enzi za marehemu. Gari lenye breki mbovu halitoki. Likiua mtu huko nje, nitamjibu nini Mungu?"

Injinia alipogeuka, Mjomba alikuwa ameshalipandisha gari kwenye jeki na gurudumu moja liko kwapani.

"Gari langu ni zima!" Sauti ilimtoka nyembamba.

"Mashine inasemaje?"

"Mashine, unajua, wakati mwingine..."

"Wakati mwingine nini, Injinia? Inadanganya?" Mafundi walisogea, spana mikononi. "Maana kama inadanganya, ile bahasha tuizungumze upya. Na Mjomba naye angependa kuchangia."

Injinia aliangalia geti lililofungwa. Kwa mara ya kwanza maishani alitamani kusema kweli, na ndiyo siku ambayo kweli ingemvunja mbavu.

"Haidanganyi," alinong'ona.

"Alhamdulillahi. Basi chagua. Tukilitengeneza, injini mpya, giaboksi jipya, bahasha inarudi na bado utadaiwa. Au utuachie kama chuma chakavu, bahasha uondoke nayo. Mimi nakuonea huruma tu, mwanangu."

Alisaini kadi ya gari. Akalipapasa boneti mara ya mwisho, machozi yakimlenga, akatoka kwa miguu juani, akipanda mlima wa vumbi na viatu vyake vya kwenda mjini.

Hakufika mbali. Nyuma yake alisikia muungurumo ambao angeutambua hata usingizini, kisha breki zikashika barabara, gari likasimama karibu na kisigino chake. Mama Spana alikuwa kwenye usukani.

"Injinia! Mjomba amezima kompyuta akaiwasha tena, magonjwa yote yakaisha. Nyinyi watu wa programu mna akili sana."

Injinia alimtazama, akahisi kicheko kikimpanda kwa nguvu, kicheko cha uchungu na cha heshima pamoja.

"Ulijua tangu lini, Mama?"

"Tangu kwenye antivirasi. Mgeni akianza kwa kuomba mbwa afungwe, baba, mimi nafunga geti." Akafungua mlango wa nyuma. "Panda nikusogeze, jua kali hili."

Akapanda. Kiti kilikuwa bado kinanukia manukato yake. Gari lilipanda mlima laini kabisa, bila mlio wowote, zima kuliko magari yote ya mji ule. Walipofika juu, Mama Spana alinyoosha kiganja nyuma bila kugeuka.

"Nauli, mwanangu."