Pete za Mautuma na Mama Mkwe Asiyetazamwa

Jumapili, 3 Agosti

...na ndiyo maana nasema jambo hili siwezi kuliacha. Muhonja wangu alilia jana! Alikuwa anaosha sahani, mimi nazipangusa (ndoa tamu jamani, hata sahani zinang'aa kuliko zamani), nikaona chozi linadondokea povu. Nikadhani ni sabuni. Kumbe ni pete.

Pete za kwao Mautuma. Mzungu mmoja wa Welisi aliyekuwa na shamba huko zamani ndiye aliyeuleta mchezo. Pete nzito za chuma, kigingi kimoja kwenye udongo wa mfinyanzi uliolowa. Unarusha kutoka mbali. Pete ikikizingira kigingi, umeshinda. Mzungu akaenda zake, wazee walionunua mashamba wakaendelea kurusha kila siku inayofuata Krismasi. Sasa wamekwisha. Uwanja umekuwa mahindi. Pete zenyewe zimelalia mabati ya banda la kuku yasipeperushwe na upepo.

Hakuna aliyeandika nani alishinda lini. Mautuma nzima inasema bingwa alikuwa Wangila, basi. Adagala, baba yake Muhonja, Mungu amrehemu, hatajwi. Muhonja ana hakika aliwahi kushinda, ila yeye alikuwa mdogo mno kukumbuka. Anayejua yote ni mama yake, kayaweka kichwani, na mama anazeeka. Akiondoka, alisema Muhonja, baba atakuwa mtu ambaye hakuwahi kurusha chochote.

Moyo uliniyeyuka kama mafuta ya kimbo juu ya jiko. Nimeamua! Jumamosi ya tarehe 16 ni siku yake ya kuzaliwa. Nitampa orodha ya mabingwa wote, nimeichapa mwenyewe pale dukani ninapofanya kazi ya kutoa nakala, na jina la baba yake limo kwa herufi nene. Siri kabisa. Hata kikohozi sitakohoa.

Tatizo ni moja. Huyo mama ni mama mkwe. Simpi mkono. Siketi mbele yake. Tukikutana njiani, mmoja wetu huingia kwenye mahindi mpaka mwenzake apite. Utamhojije mtu usiyeweza kumtazama?

Lakini mimi nina kichwa.

Jumanne, 5 Agosti

Simu! Simu haina uso. Nilijipongeza asubuhi nzima.

Nikapiga. Akaitika vizuri sana. Nikajitambulisha kuwa ni Khisa, mume wa Muhonja. Nikamsikia akimwambia mtu kwa mshtuko kwamba mkwe yumo ndani ya simu. Simu ikawekwa juu ya kitu kigumu, na nyayo zikaenda zake. Heshima tupu! Nikaendelea kueleza haja yangu kwa, nadhani, meza. Kuku mmoja alinijibu.

Jioni Muhonja akauliza mbona nimekunja uso. Nikamwambia nilikuwa nawaza macho yake. Si uongo. Huwa nayawaza hata nikitoa nakala za vitambulisho.

Alhamisi, 7 Agosti

Siku ya aibu.

Mpango ulikuwa safi. Chepkorir, jirani yao, hunywa chai na mama mkwe jikoni kila alasiri. Nilimwomba aanzishe hadithi ya pete, nami niwe nimejificha ghalani, ukuta mmoja tu katikati, kalamu mkononi. Chepkorir alicheka mpaka akashika mti. Akasema ameona wakwe wa kila aina, wa kujificha ghalani ndiye alikuwa bado. Lakini akakubali.

Nikamuaga Muhonja kwamba nafuata karatasi mjini Turbo. Akanibusu. Nilijisikia mwizi, lakini mwizi mwenye mapenzi.

Ghala karibu tupu, mavuno bado. Nikajikunja nyuma ya magunia. Nikamsikia Chepkorir akiuliza kama mtego vile: je, mama, marehemu Adagala alikuwa anacheza pete au alikuwa anatazama tu? Mama mkwe akaguna. Akasema hakutazama tu hata kidogo, na mwaka ule...

Nikapiga chafya.

Ni ile dawa ya unga wanayonyunyizia fukusi! Chafya ya kwanza nikaimeza. Ya pili ikaangusha gunia. Mama mkwe akapiga yowe kwamba kuna mwizi ghalani. Majirani hao! Wa kwanza kufika ni Weldon, aliyemwoa dada yake Muhonja, anayeishi hapo karibu na kupendwa kupita kiasi. Akafungua mlango, rungu juu. Nikatoka mweupe kama chapati isiyopikwa. Nikaangaliana ana kwa ana na mama mkwe.

Alijifunika uso kwa leso. Nami nikajifunika kwa gunia. Weldon akauliza kwa sauti ya kusikika Kakamega: shemeji, ukitaka mahindi si ungeomba tu debe moja?

Ijumaa, 8 Agosti

Ujumbe umefika kupitia kwa Weldon. Nimevunja mwiko, nipeleke ingokho, yaani kuku, na leso mpya, aibu iondolewe. Ikishaondolewa, mama yuko tayari kuzungumza nami, tukikaa ubavuni, kila mtu akitazama upande wake. Ila niende na mke wangu, kama mtu mzima.

Niende na Muhonja! Siri yangu je?

Halafu Weldon akaongeza kwamba jambo la orodha, nililomweleza jana nikiwa bado ndani ya gunia, alilifurahia, kwa hiyo amemtuma mkewe akamuulize mama, na yeye anachoma majina kwenye ubao kwa chuma cha moto. Amemtuma mkewe. Akamuulize. Basi hivyo tu! Huyo mtu hana ubunifu hata chembe.

Jumamosi, 16 Agosti

Muhonja alijua tangu yowe la kwanza. Chepkorir alimpigia kabla sijajipangusa. Ameniacha wiki nzima nikimdanganya kuhusu karatasi za Turbo!

Leo, keki mezani, alimpigia mama, akaweka sauti kubwa, mimi nikageukia ukuta kwa heshima, maana kuku na leso bado sijapeleka. Mama akataja miaka yote bila kukwama. Wangila, Wangila, Wangila. Halafu Adagala. Mara moja tu. Ni Desemba ya mwaka aliozaliwa Muhonja. Mama alisema Adagala hakulala usiku ule kwa sababu ya kilio cha mtoto, akaenda uwanjani amefumba macho nusu, akarusha, pete ikakaa. Alirudi mbio kumwambia mtoto kabla ya kumwambia mtu mwingine.

Muhonja alilia na kucheka pamoja. Niliipenda dunia nzima, hata Weldon, ambaye ubao wake ulifika saa nane. Ni mzuri, nakubali. Herufi zimepinda kidogo.

Lakini usiku huu nimegundua jambo. Ubao unasema nani alishinda. Hausemi alirusha kutoka umbali gani! Anayejua, mama alitaja, ni Jescah, mama mdogo wa Muhonja na mjane wa Wangila, ndiye aliyekuwa akipima kwa kamba. Naye pia ni mkwe wangu. Naye pia simtazami.

Muhonja amesema atamuuliza kesho kwa simu. Nimemkataza kwa upole, ajiburudishe, mambo haya aniachie mimi. Nyuma ya jiko la Jescah kuna migomba iliyosongamana vizuri sana. Kabla mwezi huu haujaisha nitamtembelea Mautuma.

Somo nimelipata. Safari hii nitafunga pua kwa kitambaa.