Kaseti Isiyouzwa kwa Bei ya Kutupa

Jumatatu, 2 Machi
Nimeingia rasmi kwenye biashara ya mtandaoni. Bidhaa: kaseti ya gemu ya zamani, mbio za magari, na boksi lake lenye doa la chai kwenye kona. Mke wangu ni fundi nguo na cherehani yake imekufa. Ana oda ya sare za shule, mwenye shule anazifuata wiki ijayo. Nimemwambia atulie, kaseti hii itanunua cherehani mpya. Akasema atatulia nikiacha kujifanya mjuaji. Sijui alimaanisha nini.

Jumanne, 3 Machi
Nimechunguza soko. Vichekesho! Kaseti ileile, mmoja anauza elfu hamsini, mwingine laki tatu, mwingine kaandika njoo inboksi, kana kwamba bei ni siri ya ndoa. Ya laki tatu ni ya mtu anayejiita Mfalme wa Kaseti. Ipo pale tangu mwaka juzi. Mtu wa kawaida angedhani haiuziki. Mimi nimeona mbali: hiyo ni bidhaa ya watu wazito. Yangu nimeweka laki tatu na nusu.

Jumatano, 4 Machi
Kimya. Bei ni ndogo, watu wanaitilia shaka. Nimepandisha hadi laki nne. Mfalme naye kapandisha, laki nne na nusu. Ananiiga. Mke akauliza kama kuna aliyenunua. Nikamjibu kuwa soko linapanda. Akauliza soko ni nani. Nikamwambia ni mimi na Mfalme.

Alhamisi, 5 Machi
Nimeuza! Mteja aliomba punguzo, nikakaza uso, mwishowe nikashuka hadi laki mbili, kwa huruma tu. Hela inatosha cherehani kabisa. Mke kanisifu mbele ya dada yake. Nilivimba kichwa, na ilikuwa haki yangu. Dukani tunakwenda keshokutwa.

Ijumaa, 6 Machi
Nimechungulia soko. Mfalme kaweka kaseti ya pili, laki sita. Boksi lina doa la chai kwenye kona. Doa langu! Kumbe mteja alikuwa yeye, na mimi niliuza kwa bei ya kutupa. Roho iliniuma. Nikampigia, nikambana kwelikweli, akakubali kunirudishia kwa laki mbili na saa yangu ya mkononi. Kitu cha laki sita! Sijui wengine huwa wanajadiliana vipi.

Jumamosi, 7 Machi
Mke alikuwa amevaa, tayari kwenda dukani. Nikamwekea boksi mezani na kumweleza faida. Hakupiga kelele. Alikaa chini, machozi yakamlenga, akasema hii ndiyo oda yake kubwa ya kwanza maishani. Hapo nilinyong'onyea. Kisha akanipa sindano, uzi na rundo la mashati ya sare aliyoyashona kabla cherehani haijafa. Yaliyobaki yeye atashonea kwa dada yake, kwa cherehani ya kuazima; vifungo vyote ni vyangu.

Jumapili, 8 Machi
Vidole vimetoboka. Shati la kwanza limeharibika, vifungo havikutani na matundu, na mke kasema mwenye shule hawezi kulipokea. Alipoondoka nikalitazama vizuri. Limeshonwa kwa mkono. Lipo moja tu duniani! Nimelipiga picha na kuliweka mtandaoni, laki saba. Namsubiri arudi kwa dada yake nimpe habari njema: cherehani ya nini, kumbe sindano inalipa zaidi.