Wembe, Redio na Wimbo wa Giza

Jumatatu, 5 Julai 1993

Mambo yameiva! Saleh, mwenye duka pale Kayanga, ametangaza shindano la gita tarehe 17. Mshindi anaingia kwenye bendi yake na kukabidhiwa gita la umeme. Nikishindwa, dada Kampire anasema nafunga mizigo kwenda Nyakatuntu, nikachume kahawa ya kaka Sibomana mpaka nizeeke. Mimi, Theoneste! Sikuzaliwa kuchuma kahawa.

Mpinzani ni mmoja tu, Projest. Anapiga rumba tamutamu, akina mama wanamwita mwanangu. Kichefuchefu. Mimi nina silaha: kaseti aliyoniachia mwalimu Mmarekani alipoondoka. Roki ya giza! Nimeisikiliza mara kumi na nne, hadi betri zikalegea. Siri zake nimezijua. Kwenye ubeti anaimba kwa kunong'ona kama mgonjwa wa homa. Kwenye kiitikio anapiga yowe kama aliyekanyaga siafu. Uzi mnene wa gita umelegezwa mpaka unanguruma. Na gita zima linakwaruza. Mwalimu alisema ni muziki wa vijana wenye huzuni, wanaovaa sweta zilizochanika.

Jumatano, 7 Julai

Mkwaruzo umepatikana! Nimetumbukiza kispika kidogo kwenye tundu la gita kiwe maikrofoni, waya mpaka kwenye redio ya dada. Sauti ikatoka safi kabisa. Aibu. Nikachukua wembe, nikachana karatasi ya spika ya redio mara tatu. Mngurumo! Nilitaka kulia kwa furaha.

Jioni dada akafungua taarifa ya habari. Akauliza kwa nini mtangazaji anaongea kama amemeza mchanga. Nikamwambia ni hali ya hewa ya Dar es Salaam. Hakuridhika. Sweta nayo nimeichana. Ilikuwa yake.

Ijumaa, 9 Julai

Nina mngurumo, sina tuni. Siku mbili natafuta huzuni. Jana nilijinyima chakula kabisa, mpaka saa sita mchana.

Leo namenya ndizi, tuni ikaja yenyewe! Inashuka taratibu, inasita, inashuka tena. Dada akaweka kisu chini, akaniuliza nimeitoa wapi. Marekani, nikamjibu. Akaniangalia sana. Akasema hiyo ndiyo tuni ya msiba ambayo bibi yetu alimlilia babu, na alipovuka kutoka Rwanda hakuwa na mzigo mwingine. Dada haelewi mambo ya roki.

Jumatatu, 12 Julai

Mazoezi saa moja asubuhi, uwanjani kwetu hapa Bugene, redio mpaka mwisho. Sijamaliza kiitikio cha kwanza, watu hao! Wanamiminika! Jirani yetu Mukantabana na mkungu wa ndizi kichwani. Wengine na kuni. Wakakaa chini kimya, kahawa zao wameziacha mitini. Hata Projest alikuja, machozi yanamtoka. Machozi ya Projest! Nikaongeza ubeti.

Kisha Mukantabana akaniuliza, sauti ikimkatika, kama marehemu Kampire aliugua muda mrefu. Papo hapo Kampire akatokea kisimani na ndoo yake. Mayowe! Mukantabana akazimia.

Wazee wakakaa kikao palepale. Wakasema msiba si mchezo, watu wameacha kazi zao. Hukumu: nirudishe kila mkungu ulikotoka, kwa kichwa changu, nikiomba radhi nyumba kwa nyumba. Mikungu kumi na tisa! Projest aliniombea nafuu, akanibebea minne. Simsamehe.

Jumamosi, 17 Julai

Ukumbi wa Kayanga ulifurika. Nilivaa sweta. Nilinong'ona, nikapiga yowe. Watu wa Bugene walikunja mikono tu, safari hii hawadanganyiki. Mukantabana alikuwa anasuka ukili.

Akapanda Projest. Akapiga tuni yangu! Ileile, kaiweka kwenye rumba, polepole. Ukili ukaanguka. Kampire, dada yangu wa damu, akasimama akaimba maneno ya bibi, maneno ambayo sikujua kama yapo. Ukumbi mzima ukaitikia. Nikafuta macho kwa mkono wa sweta. Kwa hasira, bila shaka.

Gita kapewa Projest. Nikamlalamikia Saleh kwamba ule ni wizi. Akaniuliza kama bibi yangu naye amelalamika.

Jumapili, 18 Julai

Nyakatuntu nimeiepuka! Projest alimwomba Saleh anipe kazi yoyote kwenye bendi. Nimekuwa mtunza spika. Hilo nalo simsamehe.

Baada ya misa nimekaa na kutafakari, kwa moyo mweupe kabisa, nilikosea wapi. Nimepajua. Redio ya dada ilikuwa ndogo mno! Spika za Saleh ni mbili, kubwa kama kabati, mpya, hata nailoni hazijatolewa. Ziko chumbani kwangu mpaka onyesho la Jumamosi, na Saleh amesema ananiamini.

Nimeshanunua wembe.