Ombi la Kuhamishiwa Mlango wa Kuzuia Tembo Kutoka Mji Mkongwe Kuja Mamba

Kalisti Rafaeli,
Mkulima wa mpunga,
Mamba, Mpimbwe,
Mkoa wa Katavi.

Kwa Msimamizi Mkuu wa Milango,
Mji Mkongwe, Unguja.
(Kama cheo hiki hakipo, barua apewe yeyote anayeshika funguo.)

YAH: MLANGO MMOJA, NA MKE WANGU

Mheshimiwa Msimamizi,

Pole na kazi ya milango. Mimi ni mzima wa mwili. Hayo mengine ndiyo yaliyonifanya ninunue karatasi. Naandika nikiwa mkulima, baba wa Jeniffer, babu wa Bushra, na katibu wa kamati ya wanyama waharibifu ya kijiji chetu, cheo nilichopewa kwa sababu siku ya uchaguzi ni mimi peke yangu niliyekuwa na kalamu mfukoni. Tembo nawajua. Nimeandika taarifa zao kwa miaka mingi, ingawa mara nyingi nilikuwa ndani nimejifungia.

Mwaka huu baada ya mavuno, mimi na mke wangu Katarina tulikuja kwenu kumwona mjukuu. Binti yetu Jeniffer ameolewa na Abuu, kijana wa Mpanda mjini ambaye baba yake, mzee Abdillah, ana duka la vitambaa kule Kawajense. Vijana walihamia Unguja kutafuta maisha, na maisha yakawapa mtoto. Tulipofika, Abuu alisema si vizuri wakwe washinde ndani wakimwangalia mtoto anayelala. Akatutafutia kijana anayetembeza wageni, anaitwa Heri, atuonyeshe mji. Nikavaa kaunda suti yangu ya kijivu, ile ya siku ya ndoa ya Jeniffer, maana nilijua naenda kuonana na historia.

Mji wenu ni mzuri, sitasema uongo. Katika kichochoro kimoja nilisikia adhana, kengele za hekalu la Wahindi na kengele ya kanisa, na sikusikia mtu akimwambia mwenzake apunguze sauti. Kwetu kwaya mbili za parokia moja hazisalimiani. Lakini sikuandika ili kusifu. Malalamiko yangu ni haya.

1. Milango yenu haina kazi. Heri alitusimamisha mbele ya mlango wa mbao uliochongwa maua kutoka juu hadi chini, na katikati ya maua kuna vichuma vya shaba vilivyochongoka, kila kimoja kama ngumi ya mtoto. Akatueleza kwamba asili ya vichuma hivyo ni India, na kwamba vilikusudiwa kuzuia tembo wasivunje mlango. Nikamuuliza kwa adabu ni lini mara ya mwisho tembo alionekana mtaa ule. Akasema haijawahi kutokea. Mheshimiwa, nilikitazama kile kichochoro. Mbuzi mnene angepita kwa shida. Kwa hiyo mji usio na tembo hata mmoja umejaa milango ya kuzuia tembo, na Mamba yenye tembo ina mlango wangu, ambao ni bati moja lililoshikizwa kwa waya kwenye mwimo. Machi mwaka huu tembo aliingia nyumbani kwangu mchana kweupe, akala mpunga wa chakula tuliobakiza, akakanyaga redio, akaondoka zake. Katarina ana maelezo yake kuhusu namna alivyoingia, lakini kwa kuwa barua ni yangu, nitatoa ya kwangu: alipita mlangoni.

2. Milango yenu ni hatari kwa wataalamu. Tulikuwa na watalii wengine, Wazungu wawili na familia moja ya Kihindi, na wote walikuwa wanaitikia kwa vichwa maneno ya Heri. Nikiwa katibu wa kamati sikuweza kunyamaza. Nikawaeleza kuwa tembo hapigi mlango kwa paji la uso kama beberu. Akiona kitu kina miba hugeuka, akakisukuma kwa makalio. Wazungu wakaonekana hawajaelewa. Katarina akanivuta mkono, maana ananijua. Nikageuka, nikasukuma.

Kaunda suti ikanasa kwenye kichuma. Nikiwa bado natafuta namna ya kujinasua kwa heshima, mwenye nyumba akafungua mlango kuona ni nani anayegonga hivyo. Milango yenu hufunguka kwa ndani, Mheshimiwa, jambo ambalo halijaandikwa popote. Nikaingia kinyumenyume, nimening'inia, katika nyumba ya mjane aitwaye Bi Zuhra, bila hodi, tena na viatu miguuni. Kwetu mtu akiingia nyumba ya watu bila hodi, tunamtafutia kwanza maji halafu mwenyekiti wa kitongoji. Bi Zuhra alinitazama kuanzia chini kwenda juu, akasema tu karibu mwanangu, kana kwamba kila siku anapokea wanaume wa namna hiyo.

Katarina alicheka mpaka akakaa kwenye baraza. Alicheka, akanyamaza, akanitazama, akaanza upya. Bi Zuhra akamwita ndani, akampa kahawa na kashata, akachukua sindano akashona suruali yangu, na mimi nikakaa pembeni nimevaa kanga yenye maneno ambayo Wazungu walimwomba Heri awatafsirie, Heri akakataa. Kama kuna nchi huko Ulaya ambako watu sasa wanaamini kwamba tembo wa Katavi anavaa suti, lawama hizo zije kwako.

3. Pilipili. Sisi huku pilipili tunaichanganya na oili chafu, tunapaka kwenye kamba, tunazungushia shamba, na tembo akinusa anarudi alikotoka. Ninyi pilipili hiyohiyo mnaitia kwenye urojo mkampa mgeni. Nilimaliza bakuli zima pale Forodhani kwa sababu Abuu alikuwa ananitazama na sikutaka aseme baba mkwe ni legelege. Tangu siku ile nawaelewa tembo vizuri zaidi, na katika taarifa zangu nimepunguza maneno makali.

Hapa kuna jambo nisiloliwekea namba. Heri alitupeleka Mkunazini, kwenye kanisa lililojengwa palipokuwa soko la watumwa, akatuonyesha sanamu za watu waliofungwa minyororo shingoni, wamesimama ndani ya shimo. Akasema wengi walitoka bara, mbali, wakitembea. Hakutaja kwetu, na hakuhitaji kutaja. Katarina alinishika mkono mbele ya watu, jambo ambalo wanawake wa Mpimbwe wa umri wake hawalifanyi, na tukakaa vile muda mrefu. Pale sina lalamiko, kwa sababu sijui ningempelekea nani. Niliona uchungu, basi.

4. Madai ya urithi. Tulipotoka pale, Heri alitupitisha kwenye nyumba moja ya kifahari, akasema mwenyewe wa zamani alitajirika kwa pembe za ndovu kutoka bara. Nikasimama. Ninaomba unifuate taratibu hapa, maana nimelifikiria hili nikiwa shambani, na shambani mtu hufikiri vizuri. Pembe zilitoka kwetu. Pembe zikawa pesa. Pesa zikawa mlango. Kwa hiyo mlango ni jino la tembo wa kwetu lililobadilishwa sura. Isitoshe, tembo waliobaki walirithi hasira za wenzao, na tembo hasahau. Wajukuu zao wanapita Mamba wakiuliza nyumba hadi nyumba meno ya babu yetu yako wapi. Wanapoyakosa wanakula mpunga wangu. Ninalipia deni la mtu aliyelala nyuma ya mlango wenye maua.

5. Hili ndilo linaloniuma, na nimeliweka mwisho ili nilizoee. Katarina amebaki kwenu. Tulikubaliana turudi pamoja. Siku ya kuondoka akafunga mzigo wangu peke yake, akasema nitangulie, yeye atarudi nyumba ikitengenezwa. Nilimuuliza nyumba ina nini. Akanitazama kwa namna aliyonitazama pale kwenye baraza, ila safari hii hakucheka. Njia nzima, kwenye boti na kwenye basi, nilitafakari nyumba ina nini, na kila nilipofumba macho niliona milango. Nikajua. Mtu aliyenywa kahawa kwa Bi Zuhra hawezi tena kurudi kwenye bati na waya.

Na ushahidi ninao. Kila baada ya siku chache ananitumia picha kwenye simu, na kila picha ni mlango. Mlango wa bluu, mlango wa duara juu, mlango wenye minyororo ya kuchongwa, na Katarina amesimama kando amembeba Bushra, anatabasamu. Ningefurahi kumwona mjukuu anavyokua, lakini jicho linakwenda kwenye vichuma vya shaba. Jirani yangu Nyanzala huniuliza kisimani kila siku kama mama Jeni ni mzima au nimemuoza huko. Watu wanacheka na mimi nacheka nao, kisha narudi nyumbani nasonga ugali wa watu wawili kwa mazoea. Unaobaki nampa kuku. Nimemkumbuka mke wangu, Mheshimiwa. Usiku turubai la nyuma ya nyumba linapigapiga kwa upepo, nadhani ni yeye anakung'uta mkeka, kumbe siye.

Kutokana na hayo, naomba moja kati ya haya.

Kwanza, niletewe mlango mmoja. Sichagui. Hata wenye mchwa upande mmoja naupokea, ilimradi una vichuma na maua, na Katarina aambiwe umeshafika.

Kama kisheria milango haihamishiki, basi sisi tuwaletee tembo wawili, dume na jike, ili milango yenu ipate kazi na heshima yake. Wakubwa kidogo kuliko kichochoro, lakini hilo ni suala la mipango miji. Kamati yangu itaandika barua ya utambulisho. Watalii wenu watapata kuona mlango na tembo kwa kiingilio kimoja, na Heri hatalazimika tena kusema haijawahi kutokea.

Na kama yote mawili yanashindikana, nirudishiwe mke wangu kama alivyokuja, na milango mingine asionyeshwe.

Ninapongoja majibu nimeanza hatua za dharura. Mimi na fundi Hilari tumelibandika bati langu mbao kwa ndani na kulipigilia misumari mikubwa, ncha zikitokeza nje, kwa mfano wa kwenu. Ua bado, nimejaribu kuchora moja kwa mkaa, Nyanzala akauliza kama ni ng'ombe. Hilari ameitwa shambani kwake, hivyo misumari iliyobaki nitaipigilia mwenyewe mara nikiweka kalamu chini.

Nisalimie Heri, mwambie sina kinyongo. Nisalimie Bi Zuhra, mwambie mshono bado umeshika hata ninapoinama. Wasalimie Wazungu wawili popote walipo, na yule mzee wa ile familia ya Kihindi, aliyeniokotea kofia niliponasa mlangoni. Abuu na Jeniffer waambie baba yao hajambo, wasiambiwe habari za ugali. Bushra mbusu. Katarina akipita mtaani kwenu, mfungulie.

Ni mimi niliyekwama, zamani mlangoni kwenu na sasa kwangu,

Kalisti Rafaeli
Katibu, Kamati ya Wanyama Waharibifu

Nyongeza: Nafungua bahasha kuongeza haya. Nilipokuwa napigilia misumari niliyoitaja, nililifunga bati ili lisichezecheze. Misumari ikapita mbao, ikapita bati, ikaingia kwenye mwimo. Nilikuwa ndani. Nikawa naigeuza nyundo upande wa makucha niing'oe, ndipo niliposikia hodi, na sauti ile naijua hata nikiwa usingizini. Nikasema karibu. Nikasukuma. Nikasema karibu tena. Nikageuka, nikasukuma kwa makalio kama mtaalamu. Bati halikutikisika, kwa hiyo naweza kuthibitisha kwamba njia ile ya kwenu inafanya kazi.

Katarina alisubiri kidogo, halafu nikasikia hatua zake zinazunguka nyumba. Akainua turubai, akainama na begi kichwani, akaingia kupitia tundu la ukutani, upande wa jiko. Ni pale alipopita tembo mwezi wa tatu. Siku ile bati lilikuwa wazi kabisa, limeegemea ukuta, na tembo hakulitazama hata kidogo. Aliusukuma ukuta wa tofali mbichi kwa sababu mpunga ulikuwa nyuma yake. Haya ndiyo yale maelezo ya Katarina niliyoyaruka. Amenikumbusha kwamba tangu Machi amekuwa akiniomba nizibe ukuta, na kwamba neno mlango hajawahi kulitamka. Milango alikuwa ananitumia kwa sababu aliona naipenda.

Nikamuuliza, sasa ukuta wenyewe haujazibwa, mbona umerudi? Akasema Bushra ameshakaza shingo, na yeye amechoka kupiga hodi nyumba za watu. Kisha akauliza kama nimekula.

Kwa hiyo mlango msilete, tembo hatuleti, na kesho tunafyatua tofali, yeye na mimi. Barua naituma hivyohivyo ili Bi Zuhra asomewe acheke. Nyanzala anakwenda Mpanda na ameahidi kuifikisha posta; nampa sasa hivi kupitia tundu hilohilo, maana mlango bado haufunguki.