Gari Lisilorudi Nyuma

Ijumaa, 8 Agosti

Kesho safari. Mama mkwe anakwenda pwani kumwona dada yake, mji ule wa mwisho ambako lami huishia njiani. Safari hii kachagua gari langu, si la mwanyumba wangu, yule aliyeoa dada wa mke wangu. Gari lake jipya, mdomo wake pia. Tatizo ni kwamba langu halina rivasi, gia ya kurudi nyuma. Fundi kaniambia nisitoke mjini. Nikamjibu tunakwenda mbele, haturudi kinyumenyume. Mama mkwe kauliza kama gari ni zima. Nikasema Mungu anajua. Si uongo. Anajua.

Jumamosi, 9 Agosti

Tuko nusu ya njia. Kila kituo naegesha pua ikitazama barabara. Mchana niliegesha mbali na hoteli mpaka mke wangu akauliza kama tunakwenda kula au kuhiji. Penye kituo cha mafuta, lori likanizibia mbele. Dereva akasema, mzee, rudi kidogo. Nikamwambia nasali kwanza. Nikafumba macho, nikasali mpaka akamaliza chai yake akaondoka. Mwanyumba, anayetufuata na gari lake, kasema hajaona ucha Mungu wa namna hii.

Jumapili, 10 Agosti

Nimeaibika. Kichochoro chembamba, kuta huku na huku. Nikaipitiliza nyumba ya dada yake mama mkwe, naye yuko mlangoni anapunga mkono. Nikasema tukaone bahari kwanza. Njia ikaishia mchangani, maji yanajaa. Nikamwomba mama mkwe ateremke aione bahari. Akasema hakuna haja, yenyewe inatufuata.

Mwanyumba ndiye aliyetuvuta kwa kamba, kinyumenyume, mpaka mlango ule ule. Mtaa mzima ulitoka kutazama.

Jumatatu, 11 Agosti

Nilidhani mama mkwe atarudi na mwanyumba. Mkoba wake nimeukuta kwenye gari langu. Kasema, baba, nilijua tangu penye mafuta. Lakini kwa mwenzio njia nzima linasifiwa gari. Kwako angalau Mungu anatajwa. Machozi yalinilengalenga.

Jumatano, 13 Agosti

Rivasi imepona, Mungu asifiwe. Fundi anang'ang'ania eti breki nazo zimekwisha. Nimemwambia zisubiri. Mwisho wa mwezi mama mkwe anataka nimpeleke kwa kaka yake, juu kabisa mlimani. Kupanda tu. Breki za nini?