Neno Mkwaruzo Larudishwa Kazini

Idara ya Utangazaji ilitangaza, kwa furaha na kwa nakala nne, kwamba kuanzia Jumatatu saa mbili asubuhi neno "mkwaruzo" litarudi kumaanisha mkwaruzo.

Tangazo hilo alilitunga Kaimu Mkurugenzi mwenyewe, wala hakuwa na mzaha. Mambo yalikuwa yamechacha. Mkwaruzo, neno la heshima la mafundi, ile sauti ya kwarakwara redio inapopoteza mawimbi, lilikuwa limetoroka kituoni na kuzurura mitaani. Vinyozi walilitumia. Wauza mitumba walilitumia. Kiongozi akianza tu kuhutubia redioni, mtu anasema, "Punguza sauti bwana, mkwaruzo umeanza," na watu wazima na akili zao wanapunguza.

Na Alhamisi Waziri alikuwa anakuja na barua mkobani. Barua hiyo ndiyo ingemfanya Kaimu kuwa Mkurugenzi kamili. Alikuwa amekaimu miaka saba, mpaka mama mkwe wake akipiga simu humuuliza, "Hivi baba, huyo mwenye ofisi hajarudi tu?" Leo aikose barua kwa ajili ya neno la vinyozi? Thubutu!

Akaunda Kamati ya Asili, Maana na Mwelekeo wa Neno. Wajumbe walikuwa wawili: yeye, mwenyekiti, na Fundi Mkuu wa mitambo, mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa waya wa spika, ambaye kituo kizima kilimwita Shangazi.

"Shangazi, mimi nashuku mkono wa nje," Kaimu alifungua kikao.

"Nje wapi, mwanangu? Hapo kwa kinyozi?"

"Tuzingatie ajenda."

Shangazi akabwaga madaftari ya hitilafu mezani, vumbi likapanda. "Haya. Huku mwanzo mkwaruzo ni mkwaruzo. Waya umelegea. Mvua imenyesha. Ndege kajenga kiota mnarani."

Kaimu aliridhika mno. Akaagiza kiota kiingizwe kwenye muhtasari.

"Sasa tazama hapa, miaka saba nyuma. Siku moja, mikwaruzo arobaini na miwili."

"Arobaini na miwili! Mitambo ilikuwa na nini?"

"Mitambo mizima kabisa. Kulikuwa na hotuba. Watu walipiga simu kusema ni ndefu."

"Sasa mjinga gani aliandika mkwaruzo?"

Shangazi alichomoa karatasi iliyobandikwa ndani ya jalada, akaisoma taratibu. "Waraka Namba Moja. Ni marufuku kuandika kwamba msikilizaji amechoshwa na hotuba. Iandikwe: mkwaruzo. Mpigaji ajibiwe: samahani, ni mkwaruzo tu, mafundi wanashughulikia." Chini kulikuwa na saini yenye mikia mitatu. Kaimu aliifahamu vizuri, maana ndiyo anayotia hadi leo.

"Miaka saba tunawaambia hivyo," Shangazi akasema. "Si wametuamini, masikini."

Kaimu akanywea. Kisha akajikaza kiofisa na kuandika kwenye ripoti: "Asili ya neno haijulikani, ila si hapa."

Alhamisi saa nne Waziri aliketi studio na kuanza kuhutubia taifa juu ya matumizi sahihi ya maneno. Dakika ya hamsini, taa ya simu ikawaka. Waziri, mtu wa watu, akasema, "Hebu tumsikie mwananchi," akanyamaza, akabonyeza kitufe.

"Haloo! Redio?" Ilikuwa sauti ya bibi. "Wajukuu zangu, huku kwangu ni mkwaruzo toka saa nne. Nimeigonga redio mpaka mkono unauma!"

Waziri akamgeukia Kaimu. Ulimi wa Kaimu una mazoea yake. "Samahani, bibi, ni mkwaruzo tu. Mafundi wanashughulikia."

"Eh, si wameshashughulikia! Nimepiga tu, umekatika. Huyo fundi ni nani, jamani?"

Ng'ambo ya kioo, Shangazi akavuta kipaza sauti. "Ni mimi, dada."

"Hongera, mwanamke mwenzangu! Nilisikia Waziri angekuja huko leo. Akifika, mwambieni akupe ukubwa. Hajafika?"

Nchi nzima ikasubiri. Waziri angeweza kumweleza bibi ni kitu gani hasa kilichokatika.

"Amefika," akasema kwa sauti nyembamba. "Na ukubwa atampa. Leo hii."

"Mungu ambariki! Basi nakata, kabla mkwaruzo haujarudi."

Waziri akafungua mkoba, akatoa barua, akapapasa mifuko yote. Hakuwa na kalamu. Kaimu akamwazima yake, halafu, kwa kuwa meza ya studio ilikuwa inayumba, akamshikia na karatasi isicheze wakati jina lake linakatwa.